Picha zinazopotea mlangoni

Jana usiku tumekaa kwa mamangu mpaka saa tano na nusu, mie na mama na khalati (dadake mama), karatasi moja imechanwa kwenye daftari la hesabu la mwanangu, kalamu moja inayokatakata wino, tunaandika picha za harusi ya mdogo wangu inshallah mwezi wa mfunguo pili, ule wa pili baada ya Ramadhani. Sisemi zile picha za watu wanacheza na wanakula na kushangilia, hizo zitakuja zenyewe, nasema zile za kusimama, watu wamepangwa, kila mtu anatazama kamera. Khalati kauliza mara tatu, "Sasa hayo nayo yaandikwa? Si mtu anasimama tu anapigwa?" Nikamwambia khalati, mie ni shahidi, mtu hasimami tu.

Yangu yalikuwa hivi. Niliolewa hapahapa Lamu, mtaa wa Langoni, nyumba ya babu. Tulichukua wapiga picha wawili kama harusi nyingi za kwetu, mwanamume wa msikitini na mwanamke wa ndani. Yule wa msikitini alifanya kazi yake vizuri sana, bwana harusi na joho lake, sheikh, mashahidi, mkono wa babangu umeshika mkono wa mume wangu wakati wa kuozesha, halwa, kahawa, mpaka viatu vya watu mlangoni. Wa ndani naye alifanya vizuri, hina, kupamba, mawifi, mashangazi, koja la asumini, pete, kila pembe ya gauni. Baada ya wiki tatu tukaletewa flashi diski, tukakaa na mume wangu tukaziangalia zote, mia saba na kitu, nikamaliza nikaanza tena mwanzo, alafu nikamuuliza, mbona sioni picha yangu na baba?

Haikuwepo hata moja. Baba yuko kwenye picha kibao za msikitini, mie niko kwenye mamia ya ndani, na hatukuwa pamoja popote. Kaka zangu watatu vilevile, ami yangu aliyesafiri kutoka Tanga vilevile. Na ukitafuta mwenye kosa humpati, manake wa kiume hakuruhusiwa kuingia kwa wanawake na ndivyo inavyotakiwa, wa kike alikuwa ndani hata hajui baba ni yupi, mama alikuwa na wageni mia mbili wa kulisha, na mie nimekaa nimefunikwa shela nasubiri kuambiwa nifanye nini. Baba ndo aliniambia baadaye, tena kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mimi nalingoja pale dakani, nikadhani nitaitwa." Alikaa dakani, ile baraza ya mlangoni, na kanzu yake nyeupe na kofia aliyoshonewa kwa mkono miezi na miezi, akangoja mpaka adhana ya magharibi, akainuka akaenda kuswali.

Tulipiga baadaye, miaka minne imepita, alivaa kanzu ileile na mie nikajifunga leso. Naipenda hiyo picha, iko ukutani kwangu. Lakini uso wa baba wa siku ile aliyoniozesha sina na sitakuwa nao.

Basi baada ya hapo ndo nikaanza kushika kamera, nikajifunza kidogokidogo, na mpaka leo napiga harusi za wanawake Lamu, Shela, Matondoni, mara nyingine Malindi wakiniita. Na nilichokiona nyumba kwa nyumba ni kwamba picha zinazokosekana ni zilezile. Ni zile zinazovuka mlango. Baba na binti. Kaka na dada. Mjomba na mtoto wa dadake. Bwana harusi na mama mkwe. Bi harusi na baba mkwe. Upande wa wanaume unajipiga wenyewe, wa wanawake unajipiga wenyewe, na hapa katikati kila mpiga picha anadhani ni kazi ya mwenzake.

Sasa hapa katikati lazima ujue nani ni nani, kwasababu huwezi kuita tu "wanaume wa familia waingie" watu wakaingia. Anayeruhusiwa kumuona bi harusi aliyepambwa ni maharimu wake: babake, babu zake, kaka zake, ami zake, wajomba zake, watoto wa kaka na dada zake. Binamu hayumo, hata kama mmekula sahani moja tangu utotoni. Shemeji hayumo. Na kuna wengine hali yao inabadilika siku hiyohiyo, baba mkwe kabla ya nikahi ni mtu kando, nikahi ikishapita keshakuwa maharimu yake maisha yote, na mama mkwe kwa bwana harusi hivohivo. Kwa hiyo picha ya bi harusi na baba mkwe huwezi kuipanga saa nane wakati nikahi ni alasiri. Niliwahi kuipanga saa nane, miaka hiyo naanza, nikamuita yule mzee mbele za watu, akasita pale mlangoni, akaniambia kwa upole, "Bado mwanangu." Nilijisikia vibaya mpaka nikarudi nyumbani. Tangu siku hiyo listi yangu nagawanya mara mbili, kabla ya nikahi na baada ya nikahi.

Kabla ya nikahi nachukua nusu saa, na naichukua kiwandani, ule uwa wa ndani ulio wazi juu kwenye nyumba zetu za zamani. Nikahi ya mdogo wangu ni baada ya alasiri, kwa hiyo kiwandani tutaingia saa nane na nusu kamili na saa tisa na dakika tano wanaume wameshatoka wanaenda kutawadha. Wanawake wageni wanakuwa hawajafika, wapishi wako jikoni, nyumba bado imetulia. Anaingia baba, kaka, ami, wajomba, babu, basi.

Hapa khalati alipinga, "Saa nane hajapambwa huyo, utampiga vipi?" Ni kweli, wa mekapu hamalizi saa nane, sijawahi kuona amemaliza saa nane. Ila mie naona picha na baba haihitaji mekapu. Mtoto ameoga, ananukia udi, amevaa dera lake zuri au kajitanda leso mpya, nywele zimefukizwa, ana kikuba cha asumini, hina iko mkononi imeiva. Baba anamjua kwa uso ule. Mama alinyamaza kidogo alafu akasema mwandikie hivohivo, na ya pili mpige akishapambwa, baba ataingia tena wakati wa mkono. Tukaandika zote mbili.

Baada ya nikahi ndo kile kipindi bwana harusi anakuja nyumbani kumpa bi harusi mkono, anaingia na babake na wazee wachache, anaweka mkono kwenye paji la uso wa mkewe anasoma dua. Hiyo hupangi, hiyo unanyamaza unapiga, usimwambie mtu anayesoma dua "hebu rudia tena". Lakini dua ikishamalizika, wale watu wote unaowahitaji wako chumba kimoja, na hawatakuwa chumba kimoja tena usiku huo wala pengine mwaka huo, na wao wenyewe wanataka kutoka haraka kwasababu nje kuna pilau na ngoma. Dakika ishirini unawazuia. Hapo ndo unachukua bi harusi na bwana harusi na wazazi wote wanne, bi harusi na baba mkwe na mama mkwe, bwana harusi na mama mkwe wake, wawili peke yao wamekaa, wawili na babu na bibi wa pande zote. Ukiwaachia wakapita mlango umewakosa.

Sasa hesabu. Khalati alipokolea akawa ndo anayeongeza kuliko sisi, binamu wa mama wa Pate, majirani wa zamani, rafiki wa madrasa, tukafika picha thelathini na nane. Nikamwambia khalati tupige hesabu, kila picha ya kupanga watu ni dakika tatu kwa wastani wangu, kuita, kusimamisha, kofia ikae sawa, mtoto aache kulia, kisha napiga tano au sita kwasababu kati ya watu kumi lazima mmoja kafumba macho. Thelathini na nane mara tatu ni dakika mia moja na kumi na nne, karibu saa mbili, na sisi tuna nusu saa na dakika ishirini. Tukakata. Zimebaki tisa za kabla na sita za baada, na zile za marafiki na majirani tukazisukuma kwenye kupamba, pale bi harusi amekaa stejini kila mtu anapanda anasimama naye ubavuni, zile hazina haja ya listi.

Kwenye kukata watu wanaona vigumu, naelewa, kila jina ni mtu. Ninavyofanya mie nauliza swali moja tu, huyu mtu atapata wapi tena nafasi ya kusimama na bi harusi siku hiyo? Kama ni mwanamke atapata stejini. Kama ni mwanamume maharimu hana pengine isipokuwa kiwandani. Kwa hiyo kiwandani wanaume kwanza, hata kama shangazi atanuna.

Mpangilio nao una maana. Wazee kabisa ndo wanaanza, bibi ananyanyuliwa analetwa, anakalishwa kwenye kiti, kama nyumba ina kiti cha enzi ndo hicho, anapigwa na mjukuu wake, anapigwa na mjukuu na babake, alafu anarudishwa kulala. Usimuweke bibi wa miaka themanini amesimama juani anangoja zamu ya vijana. Wazee wakishatoka naanza na kundi kubwa, wazazi na ndugu wote na wajomba na ami, alafu napunguza, wajomba mtoke, ami mtoke, wabaki wazazi na watoto wao, watoke ndugu wabaki wazazi na bi harusi, atoke mama abaki baba na bintiye. Ukienda hivo huiti mtu mara mbili, na wa mwisho kubaki ni wale wawili na uwa umeshatulia, hakuna macho ya watu, na mara nyingi baba anapobaki peke yake na bintiye ndo analegea, anamshika kichwa, anamsomea kitu kidogo, mie sisemi neno, naendelea kubonyeza.

Alafu kuna mwitaji. Hii naomba mtu yeyote anayepanga harusi aisome mara mbili. Mpiga picha hawajui watu wenu. Bi harusi hawezi kuita, mama wa bi harusi hana nafasi. Chagua mtu mmoja ndani, mwenye sauti na anayejua kila uso, kwetu ni binti wa ami yangu, na kijana mmoja nje mwenye miguu myepesi, manake wanaume wetu siku ya harusi hawakai pamoja, mmoja yuko dakani, mmoja yuko barazani kwa jirani anakunywa kahawa, mmoja ameshateremka Mkunguni mbele ya ngome anazungumza na watu. Yule kijana apewe nakala ya listi asubuhi, na kila mwanamume aliyemo aambiwe jana yake, saa nane na nusu uwe ndani ya nyumba na kanzu umeshavaa. Kuambiwa siku hiyohiyo hakusaidii.

Na kabla ya yote muulize mama, faragha, watu wengine wasisikie: nani hasimami na nani? Kuna harusi moja nilipanga wazazi wawili bega kwa bega na mtoto wao katikati, nikamwambia mama sogea karibu na mzee, kumbe walitalikiana binti ana miaka mitano na hawajawahi kusemezana tangu wakati huo, mama wa watu aligeuka akaondoka kiwandani na hakurudi kwenye picha tena. Kosa langu lile, mtu angeniambia au mie ningeuliza, tungepiga binti na babake, alafu binti na mamake, kila mmoja kwa heshima yake. Vilevile kama baba ana wake wawili, muulize bi harusi anataka vipi, wengine mama wa kambo ndo aliyewalea na watakasirika asipoitwa. Vilevile kama kuna aliyekwisha tangulia mbele ya haki. Msichana mmoja wa Shela alishika tasbihi ya babu yake mkononi kwenye picha zote za familia, hakusema sababu na hakuna aliyeuliza, kila mtu wa nyumba ile aliijua tasbihi.

Mwanga sasa, nitasema kidogo tu kwasababu kila nyumba ina yake. Saa nane na nusu jua limeshaanza kwenda magharibi, ukuta wa magharibi wa kiwanda unatupa kivuli uwani, na ukuta wa mashariki unapigwa jua. Watu wangu nawasimamisha ndani ya kile kivuli, migongo kwenye ukuta wa magharibi, wanatazama ule ukuta wa mashariki uliopakwa chokaa, na ile chokaa inawarudishia mwanga laini usoni, hakuna studio inayoweza kukupa mwanga kama ule. Saa sita jua liko utosini usipige mtu yeyote wa familia nje, macho yanakuwa mashimo na kanzu zinaungua, ukizitazama kwenye picha ni nyeupe tupu, hauoni hata darizi ya kifuani.

Ila mfunguo pili mwaka huu imeangukia masika, kwa hiyo nina mpango wa mvua. Tutaingia ndani kwenye chumba chenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Zidaka ni nzuri sana nyuma ya watu lakini vyumba vile ni vyembamba na virefu, na juu kuna boriti, na anayetumia flashi ya kamera akiielekeza juu kama tulivyofundishwa, boriti zinameza mwanga wote watu wanatoka na vivuli chini ya macho. Ielekeze kwenye ukuta mweupe wa ubavuni. Na kwakuwa chumba ni chembamba huwezi kurudi nyuma, usilazimishe watu kumi na tano kwa lensi pana, wa pembeni wanavutika wanakuwa wanene, wapange safu mbili, waliokaa na waliosimama, na usifungue lensi sana, mie nakaa kwenye f/5.6 mpaka f/8 ili safu ya nyuma nayo iwe kali.

Picha za bwana na bi harusi wawili baharini kila mtu anazitaka na sizikatai, ila msiziweke siku ya nikahi. Pwani ya mji wetu inatazama mashariki, inatazama kisiwa cha Manda, jua linazama nyuma ya majumba, kwa hiyo jioni pale gati ni kivuli, ukitaka jua linalozama lazima upande mashua utoke nje mkondoni. Na jua mwezi huo linazama kama saa kumi na mbili na robo, ndo magharibi hiyo, giza la kwetu haliji polepole, dakika ishirini limeisha. Siku ya harusi hakuna anayeweza kuwa mashuani wakati huo. Wekeni ndani ya fungate, siku ya tatu ya nne, wamepumzika, wameshazoeana kidogo, hata kukaa karibu kunakuwa kwepesi. Kama ni ufukwe wa Shela muulizeni nahodha maji kwanza, maji kila siku yanachelewa kama dakika hamsini, na wakati wa bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yakijaa yanapanda mpaka ukutani hakuna mchanga wa kusimama. Malindi ni vilevile, jua linatoka baharini. Kuna bi harusi huko alitaka picha ya machweo juu ya maji, nikamwambia tuamke alfajiri, akaamka, tukapiga upande ule wa nguzo ya Vasco da Gama jua linachomoza, na picha zile nikimwonyesha mtu anadhani ni jioni.

Hina nayo usiipige usiku uleule wa kupaka mkaona mmemaliza. Hina ikibanduliwa ni rangi ya chungwa, inakolea siku moja mpaka mbili baadaye. Mikono ipigeni siku ya nikahi asubuhi, dirishani.

Na jambo la siri. Zile picha za kupamba na zote za ndani ni amana. Simu zinakusanywa mlangoni, hiyo watu wameshazoea, lakini kamera yangu mie inabaki na kila kitu kimo ndani, kwa hiyo nawaambia mapema ninavyofanya: memori kadi sitoki nayo nje ya nyumba bila mama wa bi harusi kujua, nazihamishia kwenye laptopu isiyo na intaneti, naediti mwenyewe, nikimaliza namkabidhi mama kadi na flashi diski mkononi, na kwangu nafuta mbele yake. Hakuna kutuma kwenye grupu la WhatsApp hata moja. Picha za kuchapisha tafuteni mahali anapochapisha mwanamke, na mkae palepale mpaka zitoke. Nje ya nyumba nako, tangu mji wetu uingie kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2001 wageni wenye kamera hawakosekani vichochoroni, na msafara wa harusi ukipita nao wanauona ni wa kupiga. Wengi ni watu wazuri ukiwaambia wanashusha kamera. Weka vijana wawili mmoja mbele mmoja nyuma, wawaombe kwa adabu kabla bi harusi hajatokeza.

Basi jana tukafika saa tano, karatasi imejaa, tumekata tumeongeza tumekata, tisa na sita, mama anakunja leso yake anataka kwenda kulala. Mara kasimama. Akasema, na yule mwana wa jirani?

Sikumuelewa. Akanikumbusha. Mdogo wangu alipokuwa mchanga, mama wa jirani alijifungua akashikwa na maradhi akapelekwa Mombasa, mtoto wake akabaki, na mama akawa anamnyonyesha huyu na yule, miezi mitano. Yule mtoto ni kaka yake wa kunyonya, ni maharimu yake kama kaka zetu wa tumbo moja, ana haki ya kuingia kiwandani kama wao. Na sisi watatu tumekaa kuanzia isha, tumetaja mpaka binamu wa Pate, huyu hakututoka mdomoni, kwasababu siku hizi yuko Malindi kazini na hatumuoni ila Idi.

Mama akachukua simu palepale. Nikamwambia mama ni saa tano, watu wamelala. Hakunisikia. Akapokea yule kijana kashtuka, anadhani kuna msiba, mama akamwambia hakuna msiba mwanangu, harusi ya dadako, saa nane na nusu nakutaka ndani ya nyumba, wapigwa picha na dadako na baba. Kimya. Kisha akauliza taratibu, sisi tulikuwa tunasikia manake simu ya mama haina siri, "Mimi nami niingie, mama?"

"Uingie."

Akasema atapanda basi la jana yake mpaka Mokowe, avuke na boti ya jioni, alale kwetu asije akachelewa. Alafu akauliza kanzu ya rangi gani.

Khalati alikuwa ameshachukua kalamu, anaikwangua kwenye kiganja itoe wino, na chini ya tisa akaandika kumi.